Vichezeo vya Mtoto: Pima Kwanza, Kisha Shona

Mama mmoja msomaji wetu anauliza kama ni kweli kwamba mtoto asiye na vichezeo vya dukani huchelewa kuchangamka. Mwanawe ana miezi minane. Jirani amemnunulia wake gari linaloimba na kuwaka taa, naye mumewe amemwambia wazi kuwa mwezi huu hakuna fedha ya mambo hayo.

Hapana, mama mwenzangu, hachelewi. Mtoto wa miezi minane hajui bei. Anachojua ni kwamba kitu hiki kinashikika, kinatoa sauti, kinaingia mdomoni, na kwamba mama yupo mbele yake anacheka naye. Kati ya hayo yote, hilo la mwisho ndilo kubwa. Wala sisemi hivi ili kukufariji tu. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mafunzo kwa ajili ya sisi wahudumu wa afya kuhusu makuzi ya watoto wadogo, na vichezeo wanavyovitaja humo ni vikombe, makopo, vijiko na vitambaa vya nyumbani, pamoja na mzazi wa kucheza na mtoto.

Ila kuna jambo moja linalonisumbua kila tunapokutana akina mama wa kanisani kushona. Tunasifia uzuri wa mdoli, hatuvuti macho yake kuona kama yanang'oka. Kichezeo cha mtoto mdogo hakitazamwi kwanza kwa macho, kinatazamwa kwa mdomo. Huko ndiko kinakokwenda.

Kipimo cha nyumbani

Chukua kile kibomba cha boksi kinachobaki katikati karatasi ya chooni inapokwisha. Upana wake ni kama sentimita 4. Kama huna, kunja kipande cha boksi upate mviringo wa upana huo. Kitu chochote kinachopita humo kinaweza kuziba njia ya hewa ya mtoto aliye chini ya miaka 3. Jaribu mwenyewe: kifungo, goroli, kizibo cha soda, kokwa la tende, jicho la mdoli. Vyote vinapita. Viwanda vina kipimo chao, nacho kina upana wa sentimita 3 na kidogo, lakini sisi tunaoshona nyumbani tusione haya kuwa wakali kuwazidi.

Na kwa kuwa umetaja gari la jirani: vichezeo vinavyoimba mara nyingi vina betri ndogo bapa, za duara kama kifungo. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu. Gari ambalo mlango wake wa betri haufungwi kwa skrubu silitaki nyumbani, hata kama ni zawadi.

Kayamba ya chupa

Hii inamfaa mtoto kuanzia miezi minne au mitano, anapoanza kushika. Tafuta chupa ndogo ya plastiki, ile anayoweza kuizungushia vidole. Usichukue iliyokuwa na dawa ya wadudu au mafuta ya taa, hata ukiiosha mara kumi. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, iache ikauke kabisa kwa siku nzima, kisha tia vijiko viwili vya mchele. Wengi hutia maharage au karanga kwa sababu sauti yake ni nene. Mimi sipendi. Siku chupa ikipasuka, harage likiingia kwenye njia ya hewa hunyonya unyevu na kuvimba, na karanga ndiyo mbaya zaidi. Mchele nao si wa kuachiwa mtoto, lakini madhara yake ni madogo.

Sasa kizibo. Kipake gundi kwa ndani, kifunge kwa nguvu, uache kikauke usiku kucha. Usiishie hapo. Shona kifuko cha kitambaa kizito, kama vile mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa, uivishe chupa yote, kisha ufunge mdomo wa kifuko kwa uzi wa nailoni, sindano ikirudi nyuma hatua moja kila mara unapochoma. Zungusha mshono huo mara mbili. Ukimaliza, vuta kwa mikono yako yote miwili kana kwamba unataka kuharibu kazi yako. Kama haikufumuka, mpe mtoto. Kila wiki unapoifua, vuta tena.

Mdoli wa kitenge

Kata vipande viwili vya kitenge vyenye umbo la mtu mnene, kichwa na mwili vikiwa kitu kimoja, maana shingo nyembamba ndiyo hufumuka kwanza. Visiwe vifupi kuliko mkono wako kutoka kiganjani mpaka kwenye vidole. Shona ndani nje, acha tundu la kutosha vidole vitatu, geuza, jaza, ziba.

Ujaze nini? Bibi zetu walitumia sufi, na mto wa sufi ni mzuri kwa mtu mzima. Kwa mtoto siushauri: nyuzi zake huingia puani, mbegu nyingine husahaulika ndani, na ukiifua huganda na kuchelewa kukauka. Sponji nayo hung'atwa ikatoka vipande. Jaza vitambaa chakavu vilivyofuliwa na kukatwa vyembamba. Mdoli atakuwa mzito kidogo, na mtoto hatalalamika.

Macho na mdomo vitarizwe kwa uzi, visiwe vifungo. Nywele za sufu zinapendeza sana, lakini nyuzi ndefu hujifunga kwenye vidole vya mtoto na kuzuia damu, kwa hiyo mtengenezee mdoli kilemba badala yake. Rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango usiipake juu ya kichezeo chochote. Baadhi ya rangi, hasa za zamani, zina madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto polepole bila ishara yoyote unayoweza kuiona.

Jambo moja la usiku: mdoli asiachwe mahali mtoto anapolala kabla hajatimiza mwaka. Kitu laini kikimfunika pua, mtoto mchanga hana nguvu ya kukiondoa.

Kikapu cha jikoni

Kwa mwanao wa miezi minane, mama uliyeuliza, hiki ndicho ningekianza leo, maana hakihitaji hata sindano. Chukua kikapu kifupi au ungo, weka humo mwiko mfupi, kikombe cha plastiki, kijiko cha chuma, kifuu kilichosuguliwa mpaka kikawa laini, kipande cha kanga, limau zima lililooshwa. Mwalimu Mwingereza Elinor Goldschmied alijulikana kwa wazo hili, akaliita kikapu cha hazina, naye alisisitiza vitu halisi vya maumbo, uzito na harufu mbalimbali badala ya plastiki tupu. (Mama yangu hakumsikia kamwe huyo Goldschmied, lakini nilikulia chini ya meza ya jikoni na mwiko mkononi.) Keti karibu, taja jina la kila anachokishika, umwache achague. Baada ya siku chache badilisha vitu viwili vitatu, atakiona kikapu kipya. Visiwemo vyombo vya kioo, makopo yenye kingo kali, wala vifungashio vya nailoni.

Akitimiza mwaka ataanza kutia na kutoa. Kopo kubwa la plastiki lenye tundu kwenye mfuniko, na mifuniko mipana ya kudumbukiza, vitampa kazi ya asubuhi nzima. Mpira wa matambara ule wa chandimu unamfaa pia, ila ufunike kwa kitambaa kilichoshonwa ili kamba zisifumuke. Akitembea atataka gari la kuvuta: boksi linatosha, lakini kamba yake isizidi shibiri moja, isije ikamzunguka shingoni.

Walio na vichanga wasijisumbue. Mtoto wa mwezi mmoja huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani uso wako anaponyonya. Ukimning'inizia kitu baadaye, kiondoe akifika miezi mitano, au mapema zaidi akianza kujiinua kwa mikono.

Akipaliwa

Kama anakohoa kwa nguvu na kulia, mwache akohoe ukiwa naye. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Kama hatoi sauti wala hapumui, aliye chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisha mgeuze chali, ukandamize katikati ya kifua mara 5. Rudia mpaka kitoke. Aliyezidi mwaka, mpige mgongoni mara 5, kisha simama au piga magoti nyuma yake, umkumbatie na kumkandamiza tumbo, juu ya kitovu na chini ya mbavu, mara 5 kwa kuvuta ndani na juu. Wakati huo mwenzako atafute usafiri. Akizimia, mlaze chali mahali pagumu, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, msiache mpaka mfike hospitali.

Kuna wengine hupaliwa kidogo, wakatulia, na nyumba nzima ikasahau. Siku tatu baadaye mtoto anakohoa bila kukoma, anakoroma kifuani, pengine upande mmoja tu, naye hakuwa na mafua. Kliniki anapewa dawa ya nimonia, anapata nafuu, anarudi tena vile vile, kumbe kuna mbegu ndani. Mara nyingi sisi wauguzi hatuwezi kuigundua kwa kumtazama, na picha ya eksirei haionyeshi karanga wala plastiki. Kwa hiyo unapomleta mtoto mwenye kikohozi cha ghafla, tuambie alikuwa akichezea nini kilipoanza, hata kama hatujakuuliza, na kama kichezeo chenyewe kipo njoo nacho.