Kichwa Hakijakufa, Ni Stima Haijafika

Maze, nimechoka na huu ushauri wa "tupa, nunua ingine."

Treni ya mfano inatembea fiti kwa reli iliyonyooka. Ikifika njia panda, pale reli inagawanyika mara mbili, inazima. Unaisukuma kidogo na kidole, inaendelea kama hakuna kitu kilitokea. Halafu mjuaji anakuambia mota imekufa. Imekufa aje na ndiyo hiyo inaenda? Mota iliyokufa haifufuliwi na kidole.

Tuelewane kwanza. Treni ya SGR inabeba dizeli yake. Hii ndogo haina tanki, na nyingi hazina hata betri. Stima inatoka kwa reli zenyewe: magurudumu ya kulia yanachukua upande mmoja, ya kushoto upande ule mwingine, mota inazunguka. Upande mmoja ukikosa stima hata kwa nusu sekunde, kichwa cha treni kinasimama. Basi.

Sasa angalia njia panda. Kuna mahali reli mbili zinakatana, na wazungu wamepapa jina la chura. Reli hizo zina stima tofauti, zikigusana ni shoti. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanaweka kipande cha plastiki hapo katikati. Peco, kampuni ya Uingereza, imeuza aina zote mbili kwa miaka mingi: Insulfrog, yenye chura wa plastiki, na Electrofrog, yenye chura wa chuma anayepewa stima. Plastiki haipitishi kitu. Kichwa kirefu chenye magurudumu nane yanayochukua stima kinavuka bila wasiwasi, kwa sababu kuna gurudumu lingine bado liko kwa chuma. Lakini kichwa kifupi cha magurudumu manne, kama Smokey Joe ya Hornby, kiko na magurudumu mawili tu kila upande. Moja likiwa juu ya plastiki na lile lingine ni chafu, kwisha.

Kwa hivyo kabla utoe doo mfukoni, fanya kazi.

Kwanza, tofautisha ugonjwa. Kichwa kimoja kikizima na zingine zinaendelea, stima haikifikii. Reli yote ikizima kwa pamoja, hiyo ni shoti: labda gurudumu limegusa reli mbili kwa wakati mmoja. Dawa zake si moja.

Pili, safisha. Pamba ya masikio na aisopropili, magurudumu yote, pamoja na vibati vyembamba vinavyogusa magurudumu kwa nyuma. Weka msasa mbali. Unaacha mikwaruzo, na mikwaruzo inashika uchafu zaidi.

Tatu, pindua kichwa, chukua waya mbili kutoka kwa kidhibiti cha treni, moja kila upande, ugusishe gurudumu moja moja. Likiguswa na mota isiitike, umepata mhalifu. Mara nyingi ni kibati kimepinda na hakigusi. Na kama gurudumu limevishwa mpira ili lisiteleze, jua hilo halichukui stima vizuri.

Nne, pima njia panda yenyewe na mita. Zile reli mbili nyembamba zinazosogea, nyingi zinapata stima kwa kugusana tu na reli ya pembeni. Vumbi likiingia hapo, kipande kinachofuata kinakufa. Na kama chura ni wa chuma, anahitaji waya wake na swichi inayobadilisha upande wa stima kila njia ikibadilishwa.

Hapo ndipo wauza kapasita wanaponichosha. Ndiyo, kapasita inaweka akiba ya stima na kuvusha kichwa mahali pakavu, na kwa kichwa kidogo sana ambacho tayari ni kisafi, inasaidia kweli. Lakini kuifunga kwa magurudumu yenye uchafu wa mwaka mzima ni kujipaka manukato badala ya kuoga.

Utaniuliza, si hii ni toy tu? Ndiyo, na ndiyo maana nina hasira. Simu ikikataa kuchaji, tunafikiria simu mpya kabla ya kuangalia kama tundu limejaa vumbi. Tumefundishwa kununua kabla ya kuangalia. Huku kwetu treni hizi nyingi zinaingia kama mitumba, na duka la spea ni kutafuta na tochi. Kila moja inayotupwa, kuna mtoto amenyimwa somo la stima analoweza kulishika kwa mkono.

Niliacha chuo, na kuna wasee wanapenda kunikumbusha ati mambo ya stima ni ya mainjinia. Mzunguko wa stima hauulizi cheti. Ukikatika unakatika kwa profesa na kwa mimi. Ukiunganishwa, unawaka kwa sisi wote.

Kwa reli hizo ni kama volti 12, hazitakuua. Ile ya ukutani ndiyo usiichezee. Kwa hivyo kama uko na treni imelala kwa boksi kwa sababu mtu alisema imekufa, itoe. Fuata stima kutoka kwa waya, hadi reli, hadi gurudumu, hadi mota. Mahali itapotea ndipo kazi yako iko. Na yule wa "nunua ingine," mwambie akuachie ile anataka kutupa.