Kituo Kinaitwa Mombasa, Bahari Hakina: Staa, Jahazi Si Lako, Umelikodi!

Wiki hii simu za Ukonga hazijapumzika. Kuanzia Banana mpaka Gongo la Mboto ni picha moja tu: staa mmoja wa kike, mtoto wa hapo hapo Ukonga Mombasa, kajilaza kwenye jahazi la mbao, tanga jeupe juu, dafu mkononi, kisiwa cha Mbudya kwa nyuma. Chini kaandika: "Chombo changu, jasho langu." Komenti zikamiminika. Hongera mama! Mungu fundi! Wenye wivu wajinyonge!

Ngoja kwanza. Chombo cha nani?

Lile jahazi ni la kukodi. Lina mwenyewe, lina nahodha, na kesho yake lilipakia watu wengine kabisa, nao wakapiga picha pale pale. Kukodi wala si aibu. Hata huko Ulaya wenye majahazi ya kifahari ya zamani huyakodisha, maana chombo cha mbao kinakula hela kama mtoto wa shule ya bweni. Lamu kuna Tusitiri, jahazi kuukuu lililokarabatiwa, sasa linakodishwa zima kwa wageni wanaotaka kuzunguka visiwa vile. Mgeni analipa, anakula, analala, anashuka zake. Hasemi ni lake.

Aibu ni uongo. Na anayedanganywa hapa si tajiri wa Masaki, yule bei anazijua. Anadanganywa binti wa Ukonga anayesuka nywele kutwa nzima na kurudi na miguu imevimba, anaangalia ile picha anajiona kachelewa maisha. Wapo walioanza kuchangishana ili bethidei yao nao iwe "kama ya dada". Mmoja kavunja kibubu cha ada ya ushonaji. Ada! Dada mwenyewe kalipa masaa machache, tena huenda kalipiwa.

Halafu itazameni ile picha vizuri. Nahodha kakatwa kichwa. Umebaki mkono tu umeshika usukani.

Chombo cha mbao kinataka sifa, ni kweli, ila siyo hizi za mtandaoni. Sifa wanayoijua mafundi wa pwani ni mafuta ya papa, yananuka mpaka mtaa wa tatu, yanapakwa ili mbao zisile maji wala kupasuka. Na kabla ya kupaka kuna kukalafati: fundi anashindilia pamba kwenye kila upenyo kati ya ubao na ubao, kwa nyundo, siku nzima, mgongo umepinda, maana pakisahaulika pamoja tu maji yanaingia. Nenda Nungwi, nenda Bagamoyo, maji yakitoka utawakuta wamelala kifudifudi na chali chini ya tumbo la chombo. Kazi hiyo haina filta.

Mbona wengine wanaweza kuwataja? Flipflopi, lile jahazi lililoundwa Lamu kwa takataka za plastiki na kuvalishwa ndala chakavu, lilishushwa majini 2018, na 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Kila lilipotajwa, fundi Ali Skanda alitajwa. Hakuna aliyepungukiwa na wafuasi kwa hilo.

Kwa hiyo staa, andika "nimekodi". Herufi nane tu. Andika na bei, ili wasichana wa kituoni wajue wanachangia nini na kwa muda gani. Mtaje nahodha kwa jina, maana ndiye aliyekurudisha nchi kavu, na wewe kuogelea hujui, Ukonga nzima inajua.

Picha bado ipo. Jana usiku maneno yamebadilishwa kimya kimya, "changu" imefutwa, imebaki "Chombo, jasho langu."

Jasho la nani, jamani?