Huduma ya kurejesha uwezo isinunuliwe kwa dakika

Na Zuhura Makame

Mzee wa England akivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji na kuruhusiwa kurudi nyumbani, kuna wiki chache zitakazoamua ataishije miaka iliyobaki. Katika wiki hizo ama atazoea tena kuinuka kitini, kujiosha, kuvaa na kujipikia, ama atazoea kufanyiwa. Sheria inalijua hilo. Sheria ya matunzo ya mwaka 2014, pamoja na kanuni zake zilizoanza kutumika Aprili 2015, inazitaka halmashauri zinapotoa huduma ya kurejesha uwezo ziitoe bila malipo kwa hadi wiki 6, mtu awe na mali au asiwe nayo. Wahudumu wanakuja nyumbani, pengine mara tatu au nne kwa siku, lakini hawaji kumfanyia mzee shughuli zake. Wanakuja kuzifanya pamoja naye mpaka aweze mwenyewe, kisha wanaacha kuja. Naihesabu huduma hii kuwa miongoni mwa mambo ya busara kabisa katika ustawi wa jamii wa nchi ile, na ndiyo sababu inaniuma kwamba halmashauri zinapoitafutia kampuni ya kuitoa, mara nyingi zinainunua kwa kipimo kinachoidhoofisha, yaani saa na dakika.

Kipimo hicho kina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu wahudumu wote wa nyumbani waliolipwa na umma England walikuwa waajiriwa wa halmashauri. Mageuzi yaliyoanza kutekelezwa Aprili 1993 yalizisukuma halmashauri ziwe wanunuzi, na ndani ya miongo miwili sehemu kubwa ya kazi ikawa imehamia kwa makampuni na mashirika ya hisani. Ukinunua, lazima uwe na cha kuhesabia, na kilichokuwa karibu kilikuwa saa. Mpango wa mteja ukawa unaandikwa hivi: asubuhi nusu saa ya kumwogesha na kumvalisha, mchana dakika 15 za chakula na dawa, jioni nusu saa ya kumlaza. Mhudumu akiingia anajisajili kwa simu, akitoka anajisajili tena, na ankara inaandikwa kufuata dakika zilizonaswa na mfumo. Halmashauri nyingi ziliona mapema kwamba mpangilio huo hauifai kazi ya kurejesha uwezo. Hata baada ya kukabidhi huduma za kawaida kwa makampuni, zilibakiza timu zao za ndani na kuzifundisha upya kazi hii. Zilipofika zamu za kubana matumizi baada ya 2010, baadhi zikaiweka nayo kwenye zabuni, na mikataba ikanakiliwa kutoka kwenye ile ya huduma za kawaida.

Tazama asubuhi moja kazi hii inapofanywa sawasawa. Bibi wa miaka 82 amesimama jikoni, mkono mmoja umeshika ukingo wa kabati. Mhudumu yuko hatua moja nyuma yake, mikono ameifumba mgongoni asije akajisahau akasaidia. Birika la umeme lina maji ya kikombe kimoja tu, maana likijaa halitainulika. Bibi analiinua, analitua, anaegemea kiti kirefu alicholetewa juzi, anapumua, anaanza tena. Siagi inapakwa kwa shida upande mmoja wa mkate. Chai ambayo mhudumu angeiandaa kwa dakika tano imechukua nusu saa. Wiki ijayo itachukua robo saa, na mambo yakienda vizuri, kufikia wiki ya nne hakutakuwa na haja ya mtu kuja asubuhi. Mhudumu yule yule akiwa na mkataba wa dakika 30 kwa kuoga, kuvaa na kifungua kinywa, na nyumba nyingine inamngoja ng'ambo ya mji, atafanya ambalo yeyote angelifanya: atachukua kisu apake siagi mwenyewe. Bibi atakula mapema na kuvaa vizuri, na hatakuwa amejifunza chochote.

Dakika hizo hazimwumizi bibi peke yake. Kampuni inayolipwa kwa saa inapata fedha nyingi kwa mteja asiyepona kuliko kwa mteja aliyepona. Bibi akifika wiki ya nne bila kuhitaji msaada wa asubuhi, kampuni imepoteza saa tatu na nusu za mauzo kwa wiki, na mhudumu aliyeajiriwa bila kuhakikishiwa saa amepungukiwa mshahara kwa sababu amefanya kazi yake vizuri. Simsingizii mtu nia mbaya. Wahudumu wengi wanafurahi kwa dhati mteja anaposimama. Ila haifai kuendesha huduma ya umma kwa kutegemea watu waendelee kujinyima kila wiki ili mkataba usiharibu lengo lake wenyewe.

Kinachotakiwa kununuliwa ni timu. Halmashauri iilipe kampuni, au idara yake yenyewe, gharama ya kuwa na idadi fulani ya wahudumu wenye mshahara wa uhakika, pamoja na wataalamu wa tiba kwa vitendo, wale wanaotazama mtu anavyoinuka, anavyoingia bafuni, na kuamua ni kifaa gani au zoezi gani litamfaa. Mkataba uwe wa miaka kadhaa. Timu iwe na mamlaka ya kuongeza au kupunguza ziara kwa kadiri ya hali ya mteja, bila kungoja afisa wa halmashauri apitie fomu. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini katika mikataba ya saa kila badiliko la mpango ni badiliko la malipo, na kwa hiyo linahitaji kibali. Bibi anaweza kuwa tayari kuachiwa jioni zake Jumanne, karatasi ikapita wiki iliyofuata, na kati ya siku hizo mbili akaendelea kulazwa kitandani kama mtoto.

Maafisa wa manunuzi watasema kwamba ukilipia timu utalipia pia saa ambazo hakuna mteja. Ni kweli, zitakuwepo. Lakini hospitali haziruhusu wagonjwa kwa mpangilio ulio sawa. Wanatoka kwa mafungu, hasa kabla ya mwisho wa wiki na katika miezi ya baridi, na huduma isiyo na nafasi yoyote haiwezi kumpokea mtu Ijumaa jioni. Nafasi hiyo isipolipiwa na halmashauri, inalipiwa na hospitali kwa kitanda kinachokaliwa na mtu aliyekwisha kupona. Mfuko wa pamoja wa huduma za afya na halmashauri ulioanza 2015 uliundwa kwa sababu ya mgongano wa namna hii, ambapo mmoja anatoa fedha na mwingine anapata nafuu. Fedha za kulipia nafasi zilizo wazi zina pa kutoka.

Wengine watakwenda upande wa pili na kusema tulipe matokeo: mzee akisimama kampuni ilipwe, asiposimama isilipwe. Halmashauri ya Wiltshire ilijaribu jambo la karibu na hilo mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikaacha kununua saa na kuwafunga watoa huduma kwa malengo waliyoafikiana na wateja, zikiwemo adhabu na tuzo. Nauheshimu ujasiri ule, na sehemu yake iliyo bora, yaani lengo kuandikwa kwa maneno ya mteja, ingefaa kuwemo katika kila mkataba. Mtu akisema anataka kwenda tena kanisani Jumapili kwa miguu yake, hilo ndilo liandikwe, badala ya kuandika kwamba ataongezewa uwezo wa kutembea. Tatizo liko kwenye kufunga malipo na matokeo. Nani atapona hutegemea pia umri, maradhi mengine, ngazi za nyumba na kama kuna binti anayeishi jirani. Kampuni inayolipwa kwa kupona itajifunza haraka kuchagua wanaoelekea kupona. Wiltshire yenyewe baadaye iliunda timu yake ya ndani ya kurejesha uwezo.

Swali la gharama ni zito zaidi. Utafiti wa vyuo vikuu vya York na Kent uliotolewa 2010 ulilinganisha halmashauri tano zilizokuwa na huduma hii na tano zilizokuwa zikitoa huduma ya kawaida. Waliopitia kurejeshewa uwezo walitumia huduma za ustawi zenye gharama ndogo kwa asilimia 60 katika mwaka uliofuatiliwa. Takwimu hiyo imenukuliwa na wanasiasa wengi. Walioinukuu hawakupenda kumalizia sentensi: asilimia hiyo haikuhesabu gharama ya huduma ya kurejesha uwezo yenyewe, na ilipohesabiwa, jumla ya mwaka wa kwanza haikutofautiana sana. Watu walikuwa na hali bora ya maisha kwa karibu fedha zile zile. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2016 yalikuwa makali zaidi. Yalipata majaribio mawili tu yaliyofaa, moja la Australia na moja la Norwe, yenye washiriki 811 kwa jumla, na yakasema ushahidi ni dhaifu. Kwa hiyo halmashauri inayoinunua huduma hii ili kuokoa fedha kabla ya kufunga hesabu za mwaka imekosea tangu mwanzo, na itaishia kuibana mpaka igeuke huduma ya kawaida yenye jina jipya. Inunuliwe kwa sababu mtu anayejiogesha anaishi vizuri kuliko anayeogeshwa. Denmark ililiona hivyo. Manispaa ya Fredericia ilianza 2008, na Januari 2015 sheria ikaanza kuzitaka manispaa zote zimpe mtu anayeomba msaada wa nyumbani nafasi ya kurejeshewa uwezo kwanza, ikiwa inaaminika itamsaidia.

Angalia pia vipimo. Kwa miaka mingi taifa limepima huduma hii kwa kuuliza ni wangapi kati ya wazee walioruhusiwa hospitali na kupewa huduma hii bado wako nyumbani siku 91 baadaye. Jibu limekuwa karibu 82 kati ya 100, na linapendeza. Lakini mtu aliyelala kitandani akihudumiwa mara nne kwa siku naye yuko nyumbani, na anahesabiwa. Lenye uzito zaidi kwangu ni hesabu ya pili inayokaa kando ya ile: kati ya wote wenye miaka 65 na zaidi walioruhusiwa hospitali, waliopewa huduma hii ni takriban 3 kati ya 100. Halmashauri inaweza kuipandisha takwimu ya kwanza kwa kuufanya mlango uwe mwembamba. Mzee ambaye hajalazwa popote, anayeanza tu kuogopa bafu baada ya kuteleza, mara nyingi haufikii mlango huo kabisa, na yeye ndiye angefaidika kabla mambo hayajaharibika.

Wembamba huo wa mlango hutetewa kwa hoja ya huruma: si kila mtu anaweza, na kumlazimisha mtu dhaifu ajikaze ni ukatili. Mtu aliye katika siku zake za mwisho apewe faraja, hilo halina mjadala. Lakini hoja hiyo imetumika kuwafungia nje watu wenye maradhi ya kusahau, kana kwamba asiyekumbuka jana hawezi kufaidika leo. Mwongozo wa taasisi ya NICE wa Septemba 2017 unasema wazi mtu asizuiwe kwa sababu ya ugonjwa wa namna hiyo. Mazoea ya mikono yanaweza kubaki hata kumbukumbu inapopotea, na anayeweza kukunja kanga au taulo lake mwenyewe aachiwe alikunje.

Hapa ndipo suala linapotufikia sisi. Wanaofunga vifungo na kupaka siagi katika nyumba hizo, wengi wametoka nje ya Uingereza, wakiwemo ndugu zetu wa Kenya, Tanzania na Uganda. Februari 2022 serikali ya Uingereza iliwafungulia wahudumu viza ya kazi. Machi 2024 ikawazuia wapya kwenda na wenzi na watoto wao, na Julai 2025 ikafunga uajiri mpya kutoka ng'ambo. Waliokwisha kufika wamelelewa katika nyumba ambamo mzee hainuki kujichotea maji kijana akiwepo. Kusimama mikono mgongoni ukimtazama mama wa watu akihangaika na kifungo cha sweta kunaonekana kukosa adabu, na atakayekuzoesha vingine ni mwalimu mwenye muda, si kijitabu kinachosomwa ndani ya basi. Mkataba wa dakika hauna fungu la mwalimu huyo, wala la safari kati ya nyumba na nyumba, wala la robo saa ya mhudumu kumweleza mwenzake wa zamu ya jioni kwamba leo bibi amevaa soksi mwenyewe na asivalishwe tena. Halmashauri inayoandika zabuni mwaka huu iyataje mambo hayo matatu kwa majina yake, iyawekee fedha, na isikubali bei ya kampuni yoyote isiyoonyesha itayalipiaje.