Kibanda Kisifungwe, Wazee Waseme

Katika mitaa ya Kibamba, kando ya Barabara ya Morogoro, yamezuka mabishano ambayo kwa mtu wa mbali yaweza kuonekana madogo, lakini sisi hatuyaoni hivyo. Wapo vijana waliokusanya kompyuta kuukuu nne katika chumba kimoja cha bati, na kila jioni hukaa humo wakijifunza mchezo wa vita vya ndege. Wapo pia wazazi na wazee wanaotaka chumba hicho kifungwe mara moja. Wazee wasema kwamba mchezo huo wafundisha uvivu na uuaji. Vijana nao wasema kwamba wazee wanalaani jambo wasilolijua. Tumeulizwa na pande zote mbili tuna maoni gani, nasi twayatoa leo waziwazi: kibanda hicho kisifungwe. Lakini vijana wasidhani kwamba kwa kusema hivyo tumewapa ushindi wote. Liko jambo kubwa ambalo mchezo huo hauwaambii, na wenye kuweza kuwaambia ni wazee hao hao wanaotaka kufunga mlango.

Si desturi yetu kuhukumu kitu tusichokiona. Kwa hiyo tulikwenda wenyewe. Tuliamkiwa kwa adabu, tukapewa kiti, tukaelezwa. Mchezo wenyewe waitwa IL-2 Sturmovik, nao ulitungwa na Warusi ukatolewa mwaka 2001. Jina lake ni la ndege ya Warusi iliyoshambulia majeshi ya Hitler, ndege ambayo ziliundwa zaidi ya 36,000. Hakuna ndege ya vita iliyopata kuundwa kwa wingi kuliko hiyo. Kwa kuwa mchezo ni wa zamani, hauhitaji kompyuta ya bei kubwa, na hiyo ndiyo sababu umefika Kibamba kwa vijana wenye kuchangiana fedha za kununua umeme.

Tuliwekwa mbele ya kompyuta, tukakabidhiwa mkono wa kuongozea ndege. Twakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba tulishindwa vibaya. Mara ya kwanza ndege yetu ilizunguka chini kama kuku aliyekatwa kichwa. Mara ya pili ilivamia miti. Mara ya tatu ilipaa, tukafurahi, tukauvuta mkono kwa nguvu ili tupande upesi, na papo hapo ikapinduka ikaanguka. Kijana mmoja, ambaye mchana ni fundi wa pikipiki, alituambia kwa upole: “Mzee, usiivute. Ndege haipandi kwa kuvutwa, inapanda kwa mwendo.” Tangu tulipotoka shuleni hatujasikia somo la elimu ya nguvu na mwendo likielezwa kwa maneno machache namna ile.

Hebu tuyatazame mambo ambayo vijana hawa wamejifunza, kisha tuulize kama huo ndio uvivu. Wamejifunza kwamba pangaboi linapozunguka huivuta ndege upande mmoja, na rubani hana budi kuizuia kwa mguu tangu magurudumu yanapoanza kuviringika. Wamejifunza kwamba bawa hubebwa na hewa kwa masharti: likiinuliwa mno, hewa huliacha, na ndege hudondoka kama jiwe. Wamejifunza kwamba injini ina mpaka wake, na anayeitesa mfululizo ataipasha moto mpaka izimike. Wamejifunza kwamba urefu ni akiba: aliye juu aweza kuubadili urefu wake kuwa mwendo anapotaka, lakini aliye chini na mwendo mdogo ni maskini asiye na cha kuuza.

Katika kupiga risasi, anayeanza hupiga mahali adui alipo, na risasi hupita nyuma yake. Aliyefuzu hupiga mahali adui atakapokuwa, kama mwindaji wa kanga anavyofanya. Wala hapigi ovyo, maana ndege ya Spitfire ya mwaka 1940 ilibeba risasi za kupigwa kwa sekunde kama 15 tu. Na zaidi ya hayo yote wamejifunza kwamba rubani aendaye peke yake hufa upesi. Huruka wawili wawili, na kila mmoja hulinda mgongo wa mwenzake. Mfanyakazi yeyote aliyepata kusimama na wenzake kudai haki yake atalifahamu somo hilo bila ya kompyuta.

Mambo hayo hayakupatikana kwa siku moja. Kijana huanguka mara 20, akauliza, akaanguka tena, akaandika katika daftari, akajaribu. Tuliliona daftari hilo. Lina hesabu za mwendo, urefu na nyuzi za kugeuka, zimeandikwa na mtu ambaye huenda shuleni alikimbia hesabu. Mwenye subira namna hiyo si mvivu.

Hata hivyo, hatutaki kuwadharau wazazi. Baadhi ya malalamiko yao ni ya kweli. Wapo watoto wa shule wanaoingia kibandani saa za masomo. Zipo fedha za nauli na chakula zinazoishia pale. Wapo wanaokesha, na asubuhi husinzia kazini. Hayo ni makosa, na lazima yakomeshwe. Lakini mtoto akitoroka shule kwenda kuogelea, hatuzibi mto, twamrudisha shuleni.

Sasa tuingie katika jambo ambalo kwetu ndilo zito. Katika mchezo huu, rubani akifa hubonyeza kitufe akafufuka. Nyumba zinazoungua chini hazina watu. Mama hatoki kulia. Tena mchezo wa kibanda kile huwapeleka vijana wetu Urusi na Ulaya, wakadhani kwamba vita vya angani ni hadithi ya nchi za baridi. La hasha! Vita hivyo vimepita juu ya nchi yetu zaidi ya mara moja.

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Kisha ilikimbilia kwenye delta ya Rufiji, ikajificha ndani ya mikoko. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini, wakaleta ndege. Hewa yetu ya joto na unyevu iliwashinda mwanzoni: gundi ya mbao iliachia, injini zikachoka. Mwishowe walitengeneza kiwanja kisiwani Mafia. Kutoka huko ndege ziliruka kuwaonyesha wapigaji mizinga wa meli za Severn na Mersey mahali makombora yao yalipoangukia. Tarehe 11 Julai 1915 ndege ya rubani Cull ilipigwa ikaanza kushuka, lakini mwenzake, Arnold, aliendelea kupeleka habari kwa simu ya upepo mpaka ndege ilipotumbukia mtoni. Wote wawili waliokolewa, na siku hiyo Königsberg ikaangamia. Je, ni vijana wangapi wa Kibamba wanaojua kwamba kazi hiyo ilifanyika Mafia na Rufiji, majirani zetu, kabla ya babu zao kuzaliwa?

Tena yuko mtu aliyetoka katika mji wetu huu wa Dar es Salaam kwenda kujifunza kweli yale ambayo vijana hujifunza kwa mchezo. Roald Dahl, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi za watoto, alikuwa hapa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell vita vilipoanza mwaka 1939. Mwaka huo huo alikwenda Nairobi kwa gari, akajiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, akafundishwa kwa ndege ndogo ya Tiger Moth. Baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo aliruka peke yake. Mwaka 1940 alianguka katika jangwa la Misri, akavunjika fuvu la kichwa, akawa kipofu kwa muda. Mwaka 1941 alipelekwa kupigana Ugiriki, na kwa masimulizi yake mwenyewe hakuna aliyekuwa amemfundisha namna ya kupigana angani. Ameandika pia kwamba walijifunza vijana 16 pamoja Nairobi, na katika muda wa miaka miwili 13 kati yao walikuwa wamekufa. Vijana wetu na waihesabu hesabu hiyo katika daftari lao: 16 wakitolewa 13 hubaki 3, wala hakuna kitufe cha kuwafufua waliotolewa.

Msomaji huenda akauliza kwa nini katika hadithi hiyo ya Nairobi hatukumtaja kijana wa Kiafrika. Jibu ni kwamba kabla ya Oktoba 1939, sheria za jeshi hilo zilimtaka ofisa awe na asili ya Kizungu. Kizuizi hicho kilipoondolewa kwa ajili ya vita, Waafrika wachache sana ndio waliopita, kama Peter Thomas wa Nigeria aliyepata cheo cha ofisa mwaka 1942. Watu wetu wa Tanganyika waliandikwa kwa maelfu katika King's African Rifles, wakatembea kwa miguu. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopenya bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na matope, ndege zilikuwa zikiwadondoshea askari chakula na risasi kutoka juu. Babu aliitazama ndege kwa chini akingoja gunia. Mjukuu leo, ingawa ni kwa mchezo tu, amekaa kwenye kiti cha rubani, wala hakuna aliyemwuliza rangi yake. Hilo si jambo dogo, na mjukuu anapaswa kulijua.

Na tusiende mbali kutafuta vita. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilitupa mabomu Bukoba. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yake yalikosa shabaha, yakaangukia hifadhi ya kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Kama yangeanguka hatua chache upande wa pili, tungezika watu. Wapo katika mitaa yetu wazee waliokuwa askari katika vita vile, na wapo akina mama waliokimbia Kagera wakiwa na watoto mgongoni. Hao wajua sauti ya ndege ya vita inapokuja kweli. Wanapungua kila mwaka, na wengi wao hawajaulizwa neno.

Basi maoni yetu ni haya. Kwanza, kibanda kiwe na saa zake, zikubaliwe katika mkutano wa mtaa na kubandikwa mlangoni: mwanafunzi asiingie saa za masomo, na usiku pasiwe na mkesha. Vijana wenyewe wachague msimamizi, na atakayevunja utaratibu atolewe na wenzake.

Pili, jioni moja katika kila juma kompyuta zizimwe, aalikwe mzee aliyeiona vita. Asiletwe kuhutubia wala kukemea. Aulizwe, ajibu: bomu husikika vipi, watu walijificha wapi, nani hakurudi. Vijana waliompigia makofi mwenzao alipoangusha ndege watano wamsikilize pia aliyemzika mwenzake mmoja.

Tatu, wale walioonyesha bidii wasiachwe hapo. Katika wilaya hii hii yetu ya Ubungo, pale Mabibo, kiko Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na miongoni mwa masomo yake yamo matengenezo ya ndege. Fundi wa pikipiki anayefahamu kwa nini injini hupata moto na kwa nini bawa huachwa na hewa amekwisha kuanza safari hiyo bila ya kujua. Anahitaji mtu wa kumwelekeza, na hesabu za kidato alichokiacha. Wazazi wanaotaka kupeleka kufuli mlangoni wangefanya jambo kubwa zaidi kama wangempelekea vitabu.

Wazee wetu, nanyi twawaambia kwa heshima yote. Mmeogopa kwamba mchezo utawafundisha watoto wenu kuua. Hofu hiyo haitaondolewa na kufuli, kwa sababu leo mchezo umo kompyutani na kesho utakuwa katika simu ya mfukoni ambayo hamtaiona. Itaondolewa na maneno yenu. Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu umekwisha kuanza kuwafunza vijana wa Kibamba, na katika kuruka umewafunza vizuri. Katika habari ya kufa umewadanganya. Ninyi ndio mnaoujua ukweli huo; ingieni kibandani, mketi, mseme.