Lori Linaloacha Lami Liwe na Redio

Askari wa usalama barabarani akilisimamisha lori kati ya Mafinga na Makambako, ataomba leseni na bima, atatazama matairi, kisha ataulizia pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto. Anafanya vizuri. Lakini lori lilelile likishaacha lami kwenda kuchukua mbao Mufindi au viazi Makete wakati wa masika, linaingia kwenye hatari nyingine ambayo hakuna anayeikagua. Litakwama kwenye tope mahali ambapo simu haishiki, likiwa limesheheni, na tegemeo lake litakuwa mnyororo ambao hakuna ajuaye nguvu zake, pamoja na mikono ya utingo na wanakijiji wa karibu. Hoja yangu ni kwamba redio ya mawasiliano na vifaa vya kunasulia gari vihesabiwe kuwa sehemu ya kila lori linalofanya kazi nje ya lami, kama breki zinavyohesabiwa. Vinunuliwe na mwenye lori, si dereva, na vikaguliwe kabla lori halijaondoka.

Jambo hili haliwahusu wachache. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inasimamia mtandao wa kilomita zipatazo 144,000, na sehemu kubwa ya mtandao huo ni udongo na changarawe. Chakula kinachouzwa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza huanza safari yake kwenye njia hizo. Hali ni hiyohiyo kwa malori yanayopeleka bidhaa Wajir na Mandera, na mashariki ya Kongo lori linaweza kukaa kwenye shimo la tope siku nyingi huku mengine yakipanga foleni nyuma yake. Hata lami si kinga. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi upande wa Kilwa, mabasi na malori yaliyozoea lami tupu yalijikuta yakisubiri kwenye kingo za mito iliyojichimbia njia mpya.

Tuanze na tope lenyewe, maana wengi wanaolalamikia bei ya vifaa hawajapiga hesabu ya nguvu zinazohusika. Majeshi yanayofundisha kunasua magari hutumia makadirio rahisi: gari likizama hadi kimo cha magurudumu, nguvu ya kulitoa inakaribia uzito wake wote pamoja na mzigo, likizama hadi madigadi, nguvu hiyo inakuwa mara mbili ya uzito. Kwa hiyo lori la tani 25 lililozama hadi madigadi linadai nguvu ya tani 50. Mnyororo wa kufungia magogo haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa kuwa lori linalovuta haliwezi kulitoa jingine kwa kulivuta taratibu, dereva wake hurudi nyuma kidogo, mnyororo ukalegea, kisha hukanyaga mafuta ili kulishtua. Hapo ndipo watu wanapofia. Chukua lori tupu la tani 10 linalokwenda kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Mnyororo wa chuma karibu hauvutiki kabisa. Lori hilo likisimamishwa ndani ya sentimita 5, nguvu ya wastani inayoangukia mnyororo na ndoano zake ni karibu tani 20, na kilele chake kinazidi hapo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya pigo huongezeka mara nne.

Kinachokatika katika hali hiyo hakidondoki chini, kinaruka. Ndoano iliyong'oka inaweza kupita kwenye kioo cha mbele na kumkuta dereva, au kumpiga kijana aliyesimama pembeni akisubiri kusukuma. Huko Australia, nchi yenye utamaduni mkubwa wa kuendesha porini, watu wameuawa na mpira wa chuma wa kuvutia tela ambao mtu aliugeuza kuwa mahali pa kufungia kamba. Ulikatika na kuruka kama risasi. Kule, vifo hivyo vimefanya onyo la kutoutumia hivyo liwe somo la kwanza la kila anayejifunza kunasua gari. Kwetu ajali ya namna hiyo huandikwa kuwa bahati mbaya, na mnyororo unaungwa kwa boliti na kuendelea na kazi.

Vifaa vinavyofaa si vya ajabu, na cha kwanza ni koleo. Kuchimba tope mbele ya kila gurudumu kabla ya kuvuta hupunguza nguvu inayohitajika kuliko kifaa chochote cha gharama. Zifuatie sahani za chuma au plastiki ngumu za kuweka chini ya matairi, maana mawe na matawi huzama na kuacha shimo baya zaidi kwa anayekuja nyuma. Kisha winchi na kapi lake: waya ukizungushwa kwenye kapi lililofungwa kwenye gari lililokwama na ncha yake ikarudishwa hadi ilikotoka, nguvu ya kuvuta inakaribia kuwa maradufu, ingawa mwendo unapungua kwa nusu. Shakeli, yaani pingu za chuma za kuunganishia kamba na gari, ziwe zile zilizogongwa muhuri wa uzito zinaoruhusiwa kubeba. Ile ya tani 4.75 inayopendwa na wenye magari madogo ya porini ni ndogo mno kwa lori lenye mzigo, na kosa la kuziona zote kuwa sawa kwa sababu zinafanana ni kosa la kuua. Kamba za nailoni zinazovutika zina kazi yake, kwa kuwa hulilainisha lile pigo nililolieleza, lakini nyingi ya zinazouzwa madukani zimepimwa kwa magari madogo, si kwa lori la mbao. Kuna pia msaada ambao kila lori kubwa tayari linao na madereva wengi hawautumii: kompresa ya breki za upepo. Kwenye mchanga, tairi likipunguzwa upepo kwa kiasi, unyayo wake unarefuka na gari linaelea badala ya kuzama; likishatoka, mpira wa upepo kutoka kwenye tangi la breki unalijaza tena. Sharti ni mwendo mdogo, na kujaza kabla ya kurudi kwenye njia ngumu.

Redio inaingia hapa, na wengi huikosea nafasi yake kwa kudhani ni chombo cha kuombea msaada tu. Kazi yake kubwa ni wakati wa kuvuta kwenyewe. Dereva wa gari linalovuta hamwoni vizuri aliye nyuma, injini mbili zinanguruma, watu kumi wanapiga kelele kila mmoja na amri yake, na usiku ishara za mikono hazionekani. Mtu mmoja akishika redio na kuwa ndiye pekee anayesema "vuta" na "simama", wengine wote wanaweza kusogea mbali na kamba, walau mara moja na nusu ya urefu wake, na bado kazi ikaenda. Bila redio, kinachowaweka watu karibu na mnyororo ni haja ya kusikilizana. Kwa hiyo anayenunua winchi bila redio amenunua nusu ya usalama.

Kabla ya kukwama, redio inazuia kukwama. Dereva aliyetoka upande wa pili wa mto anajua maji yamefika wapi, na anayepanda kilima chenye njia moja anahitaji kujua kama kuna lori linashuka. Leo taarifa hizo zinapitishwa kwa taa, honi na matawi yaliyotupwa barabarani, na mara nyingi zinafika wakati mwenzako ameshaonekana kwenye kona. Redio ya mkononi ya wati 5 kwenye tambarare hufika kilomita chache. Iliyofungwa kwenye gari, ya masafa ya VHF yenye nguvu zaidi na antena nzuri juu ya paa, hufika makumi ya kilomita panapokuwa wazi. Ya HF huruka mamia ya kilomita kwa kuwa mawimbi yake huakisiwa na tabaka za juu za anga. Lori la kawaida halihitaji hiyo ya mwisho. Msafara wa malori matano unaokwenda mbali na minara unaihitaji walau kwenye gari moja.

Wapo watakaosema kwamba simu imemaliza haja ya redio. Simu ni chombo kizuri pale mnara ulipo, lakini hata mnara ukiwepo simu inakuunganisha na mtu mmoja ambaye namba yake unayo, na mtu huyo anaweza kuwa tajiri wako aliyeko Ubungo. Redio inawafikia wote walio kwenye chaneli hiyo karibu nawe, usiowajua majina, ambao ndio hasa wanaoweza kukusaidia ndani ya saa moja. Vifaa vya setilaiti vya kutuma ujumbe vinaokoa maisha na sina ugomvi navyo, ila havimwambii dereva wa lori linaloshuka kwamba wewe unapanda.

Wanaofanya kazi ngumu porini walilijua hili zamani. Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza, alipounda kikosi cha kupita jangwa la Libya kwa malori mwaka 1940, kikosi kilibeba mabati ya chuma ya kunasulia magurudumu pamoja na redio, na hakuna kimojawapo kilichoonekana kuwa anasa. Leo magari ya Umoja wa Mataifa yanayokwenda maeneo ya mbali yanatambulika kwa antena zao ndefu. Kwenye migodi mikubwa ya wazi gari dogo halisogelei malori makubwa bila mawasiliano ya redio. Tazama pia Serengeti na Maasai Mara: magari ya watalii yana redio, na madereva wanaambiana simba yuko upande gani. Sioni sababu ya nchi kukubali kwamba gari la kumtafuta simba liwe na redio na lori lililobeba chakula cha mji lisiwe nayo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la sheria. Redio hizi haziwashwi kiholela. Masafa yanahitaji kibali cha TCRA upande wa Tanzania na cha Mamlaka ya Mawasiliano upande wa Kenya, na serikali zina haki ya kuogopa chombo kinachoweza kuwasaidia majangili na wahalifu. Nakubali hofu hiyo ni ya kweli. Lakini mhalifu ana simu, na wa kimataifa ana ya setilaiti. Kumnyima dereva wa viazi chaneli hakumzuii mhalifu huyo. Zaidi ya hayo, chaneli ya wazi husikika na kila mtu, pamoja na polisi. Australia imetenga chaneli 80 karibu na megahezi 477 ambazo mwananchi anaruhusiwa kuzitumia bila leseni yake binafsi, kwa redio zisizozidi wati 5. Chaneli ya 40 ni ya madereva wa malori barabarani, na ya 5 na 35 ni za dharura. Masharti ni redio iliyoidhinishwa na nidhamu ya matumizi. TCRA na mwenzake wa Nairobi wanaweza kutenga chaneli chache za namna hiyo zinazofanana, ili lori likivuka Namanga au Holili lisilazimike kunyamaza.

Gharama nayo inasemwa sana. Vifaa hivi si rahisi kwa mwenye lori moja aliyekopa. Lakini aweke upande wa pili wa mizani siku tatu za lori lililolala kwenye tope, viazi vinavyooza, klachi iliyoungua kwa kulazimisha, malipo ya trekta na ya vijana wa kusukuma, na kifo kimoja. Wanaolima pia wanalipa, maana mfanyabiashara anayejua njia ni mbaya hupunguza bei ya shambani ili kufidia hatari yake. Vyama vya ushirika na vikundi vya wasafirishaji vinaweza kununua kwa pamoja winchi na kapi za nguvu kwa kila kituo cha kupakilia, na kila lori likabaki na koleo, sahani, shakeli na redio vyake.

Wengine hujibu kwamba dawa ni kujenga barabara. Ndiyo, zijengwe, na mbunge anayezidai hakosei. Ila kilomita zaidi ya laki moja haziwekwi lami ndani ya bajeti tano, na masika hayangoji mkandarasi. Hata barabara ya changarawe iliyochongwa vizuri huharibiwa haraka na malori yanayozunguka magurudumu palepale yalipokwama, kwa hiyo kunasua kwa utaratibu kunailinda barabara yenyewe.

Vifaa bila mafunzo ni hatari mpya, nalo lisisahauliwe. Winchi mikononi mwa asiyejua inaua haraka kuliko mnyororo. Vyuo vya udereva wa magari makubwa viongeze siku za kufundisha kuchimba, kufunga kapi, kukadiria uzito na kuongea kwa ufupi redioni, na utingo afundishwe pamoja na dereva, kwa sababu yeye ndiye anayeingia tope la magotini kufunga shakeli.

LATRA tayari inatoa leseni kwa magari ya mizigo Tanzania, na NTSA inasimamia usalama wa vyombo vya barabarani Kenya. Naziomba mamlaka hizi zianze na malori ya mbao, ya mazao na ya mafuta yanayoacha lami, zitoe muda wa kutosha wa kujiandaa, kisha zikague. Na wewe mwenye lori usisubiri kanuni: kabla masika hayajaanza, uliza dereva wako mnyororo ulioko nyuma ya kiti una uwezo wa tani ngapi. Kama hajui, usimtume Makete nao.