MTOTO ANAYEKUOGOPA BADO HAJAKUHESHIMU

 

Wiki hii nimeambiwa mengi. Kwamba Pasta ameanza mambo ya kizungu. Kwamba watoto wake wanasomea nyumbani, na sasa ameleta mbwa koko mwoga asiyejua hata kubweka. Ndugu mmoja alinipigia simu akasema, "Pasta, mtoto bila kiboko haivi, na mbwa asiyebweka ni hasara ya ugali."

Nilicheka. Lakini usiku huo sikulala vizuri. Leo nitajibu, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nianze na mbwa. Tulimchukua KSPCA, pale Karen, Nairobi. Alikuwa ameokolewa barabarani, akachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, akafungwa kizazi. Watoto walimwita Tulia. Wiki mbili za kwanza Tulia aliishi nyuma ya mtungi wa gesi. Alikula usiku tu, sisi tukiwa tumelala. Nikiinua mkono kuwasha stima, anajikojolea. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kumpiga. Ni mwili wake uliokuwa unakumbuka mkono wa mtu mwingine.

Kwetu siku huanza hivi: saa mbili asubuhi tunaomba, kisha meza ya kulia inakuwa darasa. Mama watoto anafundisha hisabati na Kiingereza. Mimi nafundisha Kiswahili na Biblia siku ambazo siendi kutembelea washirika. Saa nne ni chai, na hapo ndipo sehemu za hesabu zinaeleweka, chapati ikikatwa. Kuna siku inakwenda vizuri, na kuna siku mtu analia juu ya kitabu na sufuria inaungua.

Kitinda mimba wetu, miaka saba, alikuwa anakwama sana kusoma. Siku moja akaketi sakafuni karibu na gesi, akampa mbwa mgongo, akaanza kumsomea. Akikosea neno, anarudia. Hakuna wa kumcheka. Alifanya hivyo kila siku. Wiki ya tatu Tulia akatoa pua, akailaza juu ya mguu wa mtoto. Nyumba nzima tulishika pumzi.

Sasa sikilizeni kilichoninyima usingizi.

Jioni moja nilirudi nimechoka, nikafungua mshipi nibadilishe nguo. Tulia akasikia ile sauti ya mshipi, akakimbia nyuma ya gesi. Kifungua mimba wangu, ana miaka kumi na miwili, hakuinua hata macho kutoka kwa kitabu. Akasema, "Baba, hata mimi nilikuwa nafanya hivyo."

Wapendwa, nimehubiri miaka kumi na saba, na sijawahi kuhubiriwa hivyo.

Kijana huyu tulimtoa shule kwa sababu alichapwa kwa ajili ya hesabu mpaka akaanza kukojoa kitandani. Niliwaambia watu nimemwokoa. Lakini kwa meza yangu mwenyewe, akikosea hesabu, mkono wangu ulienda kwa mshipi. Nilimtoa mtoto shuleni, kisha nikahamishia kiboko nyumbani. Nilikuwa nimeacha kitambo, ndiyo. Lakini sikuwa nimewahi kumwomba msamaha.

Kwa hiyo wazazi mnaosomesha nyumbani, msijisifu. Na ninyi ambao watoto wenu wanaenda shule, sisemi muwatoe. Wengi hamwezi, na walimu wazuri tunao hata kanisani. Ugomvi wangu ni na ule uongo tunaopokezana, kwamba mtoto akitetemeka mbele yako, umemlea.

Najua utaniletea Mithali 13:24. Ilete. Neno la Kiebrania la ile fimbo ni "shebet", na ndilo lile lile la Zaburi 23:4, pale Daudi anaposema fimbo ya Mchungaji inamfariji. Mpendwa, fimbo yako inamfariji nani? Nalo neno la kumrudi mtoto katika mstari huo ni "musar", lile lile la Mithali 1:8, ambapo mwana anaambiwa ayasikilize mafundisho ya baba yake. Kusikiliza! Sikio la mtoto anayeogopa limefungwa. Anasikiliza mkono wako tu, uko wapi.

Utasema, "Lakini Pasta, Biblia inatuamuru kumcha Mungu." Amina. Anayemcha Mungu humkimbilia. Mwenye hofu ya utumwa hukimbia na kujificha. Adamu alijificha kati ya miti, na Mungu hakuja akivunja matawi. Alikuja akitembea, akiuliza mtu wake yuko wapi. Kosa halikufichwa, na Adamu alibeba matokeo yake. Lakini kabla hajamtoa bustanini, Mungu alimshonea nguo.

Sisemi watoto wasirudiwe. Kwetu anayemwaga maziwa anafuta, na anayedanganya anarudi kusema ukweli mbele ya aliyemdanganya. Tulia naye anafundishwa. Lakini Paulo aliwaonya akina baba mara mbili, Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21, tusiwachokoze watoto mpaka wakate tamaa. Hakuwaandikia wapagani. Aliandikia kanisa.

Na ni aibu kwetu kwamba serikali ilituzidi. Kiboko shuleni kilipigwa marufuku mwaka 2001. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi, na ibara hiyo hiyo inamlinda dhidi ya ukatili wa kila namna. Sisi tulio na Roho Mtakatifu ndio bado tunabishana.

Mithali 12:10 inasema mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Ikiwa Mungu anaangalia vile unavyomtendea mbwa, atakuuliza nini kuhusu mtoto?

Mimi nilienda chumbani kwa kijana usiku ule. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Nilikukosea." Hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Na mshipi utauweka wapi?" Sasa uko kwa kabati lake. Nikiutaka, namwomba.

Usiandike "Amina" hapa chini bado. Leo jioni mwulize mtoto wako: "Ukinisikia nikifungua geti, unajisikiaje?" Kisha nyamaza. Usijitetee. Usimkumbushe karo unayolipa. Sikiliza tu. Ukimaliza, rudi uandike Amina yako.

Baba, tusamehe kwa kuita woga heshima. Fanya nyumba zetu ziwe mahali ambapo aliyejificha anaweza kutoka. Katika jina la Yesu.

Ni mimi mchungaji wenu, ambaye bado anajifunza.