Kipimo cha damu si ramli

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kilio humuumbua. Kwa miaka mingi sisi walimu tumeutumia msemo huu kuwahimiza wanafunzi wetu waende zahanati mapema pindi waonapo dalili za ugonjwa, na wengi wametusikia. Siku hizi mtoto akiumwa na kichwa hangoji siku ya pili; huenda kwenye maabara iliyo karibu, akatolewa damu kidogo, na muda si muda akarudi na karatasi mkononi. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, iko hatari nyingine, nayo ni ya mtu aliyekwenda kupimwa mapema, akapewa jibu, akaliamini, kumbe jibu lenyewe halihusiani na ugonjwa alio nao. Hatari hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mwalimu wa darasa la Kidato cha Pili katika shule moja ya bweni. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mvulana mmoja mpole, hodari wa hesabu. Katika muhula wa kwanza alishikwa na homa, akapelekwa kliniki moja ya kibinafsi karibu na soko. Alirudi na karatasi iliyosema kwamba ana homa ya matumbo, au taifodi kama wengi wanavyoiita, akapewa dawa za wiki mbili. Muhula wa pili homa ikarudi, karatasi ikarudi, na dawa zikarudi. Kufikia muhula wa tatu alikuwa amekonda, anatokwa na jasho usiku na kukohoa mchana, na bado karatasi ilisema taifodi. Mama yake alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili ili kulipia matibabu hayo.

Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja wa hospitali ya kaunti ambaye aliiweka ile karatasi kando, akamtazama mgonjwa mwenyewe, kisha akaagiza makohozi yapimwe. Ikadhihirika kwamba kijana alikuwa na kifua kikuu. Alitibiwa kwa miezi sita, akapona, lakini alikuwa amepoteza mwaka mzima wa masomo, na kwa miezi mingi alikuwa amelala katika bweni moja na wenzake ambao sasa wote walilazimika kuchunguzwa. Nami, niliyekuwa nikiitia sahihi ruhusa yake ya kwenda kliniki kila mara, nilibaki na swali lililonikosesha usingizi. Je, damu ya mtoto huyu ilisema uongo mara tatu?

Baada ya kusoma na kuuliza nimetambua kwamba damu haikusema uongo. Ilisema jambo moja, nasi tukasikia jingine.

Mwili wa binadamu unapovamiwa na viini vya ugonjwa huunda askari wadogo waitwao kingamwili, ambao huwatambua maadui hao na kuwashika. Mwaka wa 1896 tabibu Mfaransa, Fernand Widal, alionyesha huko Paris kwamba askari hao wanaweza kutumiwa kutambua taifodi. Maji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na viini vya taifodi, na kama kingamwili zimo, viini hushikamana na kufanya vijibonge. Kisha maji yale ya damu huzimuliwa hatua kwa hatua ili kupima wingi wa kingamwili. Mgonjwa akiandikiwa 1 kwa 80, maana yake ni kwamba hata baada ya kuzimuliwa mara 80, damu yake bado inavishikamanisha viini hivyo. Kipimo hiki kina zaidi ya miaka 120, na ndicho kinachotumika hadi leo katika maabara nyingi ndogo za miji na vijiji vyetu.

Sasa mwanafunzi na atazame kwa makini. Kipimo cha Widal hakimwoni adui. Kinaona askari tu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu huweza pia kuwa mabaki ya mvua ya jana. Mtu aliyepata taifodi zamani akapona anaweza kuwa na kingamwili zake damuni bado. Viini vingine vya jamii hiyo hiyo ya salmonela huamsha askari wanaofanana na hao, na hata malaria huweza kuuvuruga mwili hadi kipimo kikatoa jibu la kuwapo ugonjwa usiokuwapo. Kwa upande mwingine, kingamwili huchukua siku kadhaa kujitokeza kwa wingi, hivyo mgonjwa halisi wa taifodi katika wiki ya kwanza anaweza kuambiwa kwamba hana lolote. Ndiyo maana vitabu vya utabibu hufundisha kwamba damu ipimwe mara mbili, baina yake zikipita siku 10 hadi 14, ili ionekane kama kingamwili zimeongezeka mara nne au zaidi. Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabarani kwa siku kadhaa mpaka kiini chenyewe kionekane. Ni wangapi kati yetu waliowahi kupimwa mara mbili? Ni wangapi waliooteshewa damu?

Nisieleweke vibaya. Taifodi ni ugonjwa wa kweli na huua. Utafiti uliofanywa katika mtaa wa Kibera, na kuchapishwa mwaka wa 2012, ulionyesha wazi jinsi unavyowasumbua hasa watoto mahali ambapo maji safi na vyoo ni adimu. Wala sipingi vipimo vya kingamwili kwa jumla. Tangu Rosalyn Yalow na Solomon Berson walipobuni huko New York, mwishoni mwa miaka ya 1950, njia ya kutumia kingamwili kupima chembechembe ndogo mno za homoni damuni, kazi iliyomletea Yalow Tuzo ya Nobel mwaka wa 1977, na tangu Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm walipotangaza mwaka wa 1971 njia ya kufanya hivyo kwa vimeng'enya, utabibu umepata macho mapya. Leo mama mjamzito hupimwa kaswende na virusi vya ukimwi kliniki, na tone hilo la damu humwokoa mtoto ambaye hajazaliwa.

Mfano wa ukimwi ndio unaotufundisha jinsi kazi hii inavyostahili kufanywa. Kipimo cha kingamwili za virusi vya ukimwi kiliidhinishwa Marekani mwaka wa 1985. Mapema kabisa wataalamu walitambua udhaifu wake, wakaufundisha umma. Ndiyo sababu hata mwanafunzi wa shule ya msingi amesikia kwamba kuna kipindi cha majuma kadhaa baada ya kuambukizwa ambapo kipimo huenda kisione kitu, na kwamba yafaa kurudia. Ndiyo sababu hakuna anayestahili kuambiwa ameambukizwa kwa kipimo kimoja tu. Jibu la kwanza huthibitishwa kwa kipimo kingine cha aina tofauti. Na ndiyo sababu mtoto mchanga hahukumiwi kwa kingamwili, kwani alizo nazo huenda alizirithi kwa mama yake na zikadumu hadi umri wa miezi 18. Yeye hutafutiwa virusi vyenyewe. Iwapo tuliweza kuwa waangalifu kiasi hicho kwa ugonjwa mmoja, kwa nini tuwe wazembe kwa mwingine?

Walimu wenzangu wa hisabati watanisaidia katika hili linalofuata. Tuchukue mfano wa shule yenye wanafunzi 1,000, ambamo 10 kwa kweli wana ugonjwa fulani. Tuseme kipimo huwatambua wagonjwa 9 katika kila 10, na huwasingizia ugonjwa watu 10 katika kila 100 walio wazima. Wengi wangesema hicho ni kipimo kizuri. Tukiwapima wote, wagonjwa 9 watatambuliwa, lakini katika wale 990 walio wazima, 99 watasingiziwa. Jumla ya watakaopewa karatasi ya ugonjwa ni 108, na wagonjwa halisi kati yao ni 9 tu, yaani mmoja katika kila 12! Kipimo hicho hicho kikitumiwa kwa watu 200 waliochaguliwa na tabibu kwa sababu ya dalili zao, ambao nusu yao ni wagonjwa kweli, majibu ya ugonjwa yatakuwa 100 na kati yao 90 yatakuwa sahihi. Kipimo hakikubadilika. Kilichobadilika ni akili iliyotangulia kabla ya sindano.

Hesabu hiyo ndiyo inayofanya biashara ya kupima kila mwenye kichwa kuuma kuwa hatari. Wako watakaonijibu kwamba kipimo dhaifu ni afadhali kuliko kukosa kipimo, na kwamba mwananchi wa kawaida hana pesa za kuotesha damu wala muda wa kungojea. Naielewa hoja hiyo, kwani nimeishi vijijini. Lakini gharama ya jibu lisilo sahihi huja baadaye. Mama wa mwanafunzi wangu aliilipa kwa mbuzi wake. Taifa zima huilipa kwa njia nyingine: dawa zinapomezwa ovyo na wasiozihitaji, viini huzizoea. Watafiti wa hapa nchini wameripoti tangu miaka ya 1990 viini vya taifodi visivyosikia dawa kadhaa za kawaida. Aidha, jibu lisilo sahihi humfungia mgonjwa mlango wa kutafutiwa ugonjwa wake halisi. Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilitamka waziwazi kwamba vipimo vya kingamwili za damu vilivyokuwa vikiuzwa kwa ajili ya kutambua kifua kikuu visitumiwe kabisa, kwa kuwa vilikuwa vikipotosha mno. Yaani wakubwa wa afya ulimwenguni waliona ni afadhali kukosa kipimo hicho kuliko kuwa nacho.

Tufanyeje basi? Kwanza, sisi walimu tuyaingize mambo haya darasani. Mwalimu wa biolojia anapofundisha kinga ya mwili asiishie kwenye mchoro wa ubaoni. Aeleze karatasi ya maabara ina maana gani. Mwalimu wa hisabati ayafanye yale niliyoyafanya hapo juu kuwa zoezi la uwezekano. Mwanafunzi atakayeielewa hesabu hiyo hatasahau kamwe, maana inahusu damu yake mwenyewe.

Pili, shule zisiwe mawakala wa kliniki. Mwalimu wa zamu hana ujuzi wa kuamua kwamba mtoto "akapimwe taifodi". Kazi yake ni kumfikisha kwa tabibu atakayemuuliza maswali, ampime joto, amguse tumbo, asikilize kifua, ndipo aamue kipimo kinachofaa. Na mwanafunzi anayerudi na ugonjwa ule ule kwa mara ya pili apelekwe hospitali kubwa bila kuchelewa.

Tatu, kila anayetolewa damu awe na ujasiri wa kuuliza maswali matatu: kipimo hiki kinatafuta kiini chenyewe au kingamwili tu? Jibu hili linaweza kuwa si sahihi kwa sababu gani? Ni njia gani ya kulithibitisha? Mtaalamu mwema hataudhika kuulizwa. Anayeudhika ametupa sababu ya kutafuta mwingine.

Nne, serikali ya kitaifa na zile za kaunti zihakikishe kwamba hospitali zetu zina uwezo wa kuotesha damu, na wale wanaosimamia maabara wasifumbie macho vibanda vinavyotoa jibu lile lile kwa kila anayeingia. Mwaka wa 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya taifodi, hatua ambayo naipongeza. Lakini bila vipimo vya kuaminika, tutajuaje kwamba chanjo hiyo imeupunguza ugonjwa, ilhali kila homa inaandikwa taifodi?

Yule kijana alimaliza shule. Siku aliyokuja kuchukua cheti chake aliniambia, kwa ule upole wake, kwamba anazihifadhi karatasi zake tatu za kliniki katika sanduku. Nilimwuliza za nini. Akanijibu kwamba anataka kusomea kazi ya maabara, na siku atakapoanza kazi atazibandika ukutani mbele ya meza yake. Sikuwa na la kuongeza. Ningeomba tu kwamba wanafunzi wanaousoma ukurasa huu wasilazimike kupitia njia aliyopitia yeye ili wajifunze somo hilo.